Muulize Fundi: Hii risasi ya +P inakupa nini, na inakudai nini?

Toleo lililopita niliandika kamstari kamoja tu, kwamba risasi za bastola zenye alama ya +P siyo kila bastola inazipenda, nikajua nimemaliza. Wapi! Meseji zimekuja kama mvua za masika, wengine wanauliza, wengine wananisuta, mmoja akaniambia mzee umeshachoka rudi kwenye gobori lako. Haya, leo ukurasa wote ni wa mada hiyo hiyo. Nimechagua barua sita, zile za matusi nimemwachia mhariri.

Shikamoo Fundi. Mimi ni Mtanzania niko Houston, nafanya ulinzi wa maghala zamu ya usiku, kibali ninacho na bastola yangu ni ya 9mm. Juzi nimeenda kununua risasi muuzaji akaning'ang'aniza nichukue za +P, eti za kawaida ni za kutobolea karatasi. Bei karibu mara mbili ya zile ninazonunuaga. Hiyo P ni nini, na inanisaidia kweli au nimepigwa? — Mlinzi wa Usiku, Texas

Marahaba mwanangu. Hujapigwa sana, umepigwa kidogo.

P ni presha, ile waliyotufundisha shuleni inaitwa kanieneo. Ukivuta triga pini inagonga fataki kitakoni mwa ganda, fataki inawasha baruti, baruti inageuka gesi, na hiyo gesi inatafuta pa kutokea na pa kutokea ni pamoja tu, nyuma ya kichwa cha risasi, basi inakisukuma kichwa mtutuni mpaka nje, na mambo yote hayo yanaisha kabla hata sehemu moja ya elfu ya sekunde haijatimia. Sasa ule mbano wa gesi mle ndani ndo tunaoupima. Kule Marekani uliko kuna chombo cha viwanda kinaitwa SAAMI, kipo tangu 1926, ndicho kinachoweka kikomo cha kila aina ya risasi. Kwa 9mm ya kawaida kikomo ni pauni 35,000 kwa kila inchi ya mraba. Kama unaendesha gari unajua tairi unajaza kama pauni 32 hivi, na kipimo ni kile kile, kwa hiyo hapo mkononi mwako kuna kama matairi elfu moja yamebanwa pamoja kwenye kitundu cha kidole kidogo. Ya +P inaruhusiwa kufika 38,500, yaani asilimia 10 zaidi. Ndo hicho tu. Halafu kuna nyingine zinaandikwa +P+, hizo SAAMI haina kikomo chake kabisa, kila kiwanda na roho yake, mimi sizigusi kama sijui aliyezitengeneza ni nani na alizitengenezea bastola ipi.

Sasa hiyo asilimia 10 inakununulia nini? Chukua risasi ya Speer Gold Dot yenye kichwa cha gramu 8, ya kawaida kiwanda kinasema inatoka na spidi ya mita 350 kwa sekunde, na ya +P kichwa kile kile inatoka na mita 372. Asilimia 6 na ushee. Umelipa kumi umepewa sita, na ndivyo ilivyo siku zote kwa sababu ile presha ya kilele inakaa mwanzoni tu mwa mtutu, kichwa kikishasogea nafasi inaongezeka gesi inalegea, kwa hiyo ukiongeza kilele huongezi msukumo wote wa safari nzima. Sisemi asilimia 6 ni bure, nguvu inapanda kama asilimia 12 hivi na hiyo inahesabika, ila mtu asikuuzie kana kwamba umetoka kwenye manati ukaingia kwenye mzinga.

Na kuna kitu wengi hawakijui kuhusu presha kubwa na ndogo. Watu wanaishangaa .45 ya zamani ile aliyoibuni Mmarekani John Browning, wanaiona ni jitu, lakini presha yake kikomo ni 21,000 tu, hata 9mm inaipita mbali. Inakuwaje basi? Ni kwa sababu kitako cha kichwa chake ni kipana. Presha ukiizidisha kwa upana wa inapogusa unapata msukumo, na ukipiga hesabu 9mm na .45 zote mbili kichwa kinasukumwa na kitu kama tani moja na nusu. Sawasawa! Tofauti ni kwamba mmoja ana kichwa chepesi kinachokimbia na mwingine kichwa kizito kinachotembea. Kwa hiyo presha kubwa yenyewe siyo sifa wala siyo kosa, ni njia ya kupata kazi kwenye risasi nyembamba, na wembamba ndo unaokupa nafasi ya kupakia 15 au 17 kwenye magazini badala ya 7 au 8. Hiyo ndo faida kubwa ya presha kwa maoni yangu, idadi, kuliko hata hiyo spidi wanayoipigia debe.

Inadai nini? Slaidi inarudi nyuma kwa kasi zaidi, springi inachoka mapema, fremu inagongwa zaidi, mdomo unanyanyuka zaidi na risasi ya pili inachelewa kurudi kwenye shabaha. Usiku, na wewe ni wa usiku, mwako wa mdomoni unaweza kukuacha unaona nyota, ingawa viwanda vizuri vinatumia baruti isiyowaka sana. Mara nyingine slaidi inakimbia mpaka springi ya magazini haijawahi kuinua risasi inayofuata, bastola inakoki hewa.

Bei uliyolipa siyo ya P mwanangu, ni ya kichwa. Zile unazonunuaga ni za kichwa cha mviringo kilichofunikwa shaba, za mazoezi, na hizi ulizouziwa ni za kichwa chenye tundu mbele, kinachofunguka kama ua kikigonga kitu laini. Kichwa cha aina hiyo kinatengenezwa na risasi ya presha ya kawaida pia, na kwa kazi yako ya ghalani, kati ya makontena ambako huko nyuma unaweza kuwa na mwenzako anakunywa kahawa, kichwa kinachofunguka na kusimama ni muhimu kuliko spidi. Mimi ningechukua ya presha ya kawaida ya kampuni inayojulikana, nipige angalau mia kwenye bastola yangu nione haikwami, na hela iliyobaki ninunue za mazoezi. Kama bastola yako mtutu ni mfupi sana, hapo nitakubali hoja ya +P, manake mtutu mfupi unakula spidi na kichwa kikipungua spidi sana hakifunguki, kinapita kama msumari. Na usome kile kitabu kilichokuja na bastola, kuna vinavyosema wazi +P mwisho wa garantii, kuna vinavyosema tumia ila badilisha springi mapema.

Fundi, kibali changu kina miaka mitatu sasa. Kila asubuhi nikitoka nakoki, jioni nikirudi naitoa ile risasi ya chemba naiweka juu ya magazini kwa sababu nina watoto nyumbani, kesho yake naikoki tena ile ile. Kuna mtu kaniambia nitalipuka. Kweli? — Baba Watoto, Arusha

Huyo mtu kakutisha lakini hajakudanganya, na hili swali ndo bora kuliko yote niliyopata mwezi huu.

Kila ukikoki, slaidi inaichukua risasi kwa nguvu na kuibamiza pua kwenye mteremko wa chemba. Mara moja siyo neno. Ukiirudia risasi hiyo hiyo mara ishirini, thelathini, kichwa kinaanza kuzama ndani ya ganda, nusu milimita, milimita moja, kwa macho huoni kama hujui unachotafuta. Kikizama, chumba cha baruti kinapungua, na baruti ikiwaka kwenye chumba kilichopungua presha haipandi kidogo kidogo, inaruka. Sasa fikiria risasi ambayo toka kiwandani ilishakaa karibu na kikomo, haina nafasi ya makosa. Ndo maana ugonjwa huu haumsumbui sana mwenye .45 ya 21,000, ila wenye risasi za presha kubwa kama 9mm, .40 na .357 SIG wanausikia. Miaka ya 1990 kulikuwa na bastola za .40 ambazo chemba yake ilikuwa imeacha sehemu ya chini ya ganda wazi, haikushikiliwa na chuma, ili risasi ipande kwa ulaini, na ganda likizidiwa lilipasuka hapo hapo na gesi ikashuka kwenye shimo la magazini. Mwenye bahati alipata mkono wa moto na mpini uliopasuka.

Nilipokuwa kazini nilimwona kijana mmoja ana risasi imechakaa mpaka shaba imekuwa kama kikombe cha bati cha jeshi, nikamuuliza hii umeikoki mara ngapi, akasema toka apewe. Toka apewe! Niliiweka kando ya risasi mpya mezani na tofauti ukaiona kutoka mlangoni.

Wewe fanya hivi. Chukua maka peni, risasi ikishatoka chemba weka kidoti kitakoni. Usiirudishe juu, ipeleke chini kabisa ya magazini ili zamu izunguke. Mara moja kwa wiki isimamishe kando ya risasi mpya kutoka boksini, ikiwa fupi hata kwa unene wa ukucha weka pembeni, usiipige, uirudishe mahali unaponunulia au kituoni. Ikifika vidoti vinne vitano mimi nisingeiamini tena hata kama urefu ni ule ule, kwa sababu na fataki nayo inatingishika, ule unga wake unaweza kumeguka, siku ukiihitaji ikasema tik. Na kuhusu watoto, kutoa risasi ya chemba hakutoshi, bastola inalala kwenye sefu iliyofungwa.

Niaje Fundi. Mimi ni mgeni wa mashindano ya shabaha, napiga na Ceska yangu ya 9mm, bado mambo ni mos mos. Sasa huwa nawatch video za IPSC, yale mashindano ya kimataifa ya shabaha, hao wa kundi la Open bastola zao ziko na matundu juu ya mtutu na wanapiga haraka hadi unadhani bastola haishtuki. Wanasema siri ni risasi ya presha kubwa, .38 Super na 9 Meja. Kwani presha kubwa si inafaa ishtue zaidi? — Mgeni wa Shabaha, Kiambu

Poa kijana. Hapa ndo presha inakuwa rafiki, na nacheka kwa sababu inafanya kinyume cha kila kitu nilichomwambia huyo wa Texas.

Kwenye IPSC kuna hesabu ya nguvu. Unachukua uzito wa kichwa kwa greni, unazidisha na spidi kwa futi kwa sekunde, unagawa kwa elfu. Ukifika 125 wewe ni Maina, daraja dogo, na kwa Open ukifika 160 wewe ni Meja, daraja kubwa, na wa Meja anapata pointi nyingi zaidi akikosa katikati ya karatasi. Risasi ya kawaida ya 9mm, greni 124 (ndo zile gramu 8) kwa futi 1,150, inakupa 142. Uko Maina. Ili ufike Meja na kichwa hicho hicho inabidi ukimbie futi 1,291, na hapo 9mm imeshavuka kikomo chake cha kawaida na hata cha +P. Wanaofanya hivyo wanazijaza wenyewe kwa bastola zilizojengwa kwa kazi hiyo tu, chemba imeshika ganda lote, springi zimepangwa, na bado wapo waliopasua. Wewe na Ceska yako msahau, hapo sitanii.

Sasa kwa nini haishtuki. Yale matundu yanaitwa kompensata, gesi inapotoka inarushwa juu kama moshi wa dohani, na kama gesi inakwenda juu mdomo wa bastola unasukumwa chini. Gesi nyingi yenye presha, kompensata inafanya kazi vizuri. Gesi kidogo, umevaa tu kofia. Kwa hiyo wale wanataka baruti nyingi na presha mpaka mdomoni, siyo kwa ajili ya kuumiza mtu, kwa ajili ya kuishika bastola chini. Mkono wako utasukumwa nyuma lakini doti nyekundu ya kulengea kwenye lenzi haiondoki shabahani.

.38 Super ni bibi wa hadithi hii. Browning alitengeneza .38 ACP mwaka 1900, ganda la urefu kama milimita 23, presha ya upole 26,500. Mwaka 1929 Colt, kiwanda cha bastola cha Marekani, wakaichukua ganda lile lile wakaipakia mpaka 36,500 wakaiita Super, wakati ule wa majambazi wa magari, polisi walitaka kitu kinachopita bodi ya gari. Unaona hatari iko wapi? Risasi mbili, umbo moja, presha mbili. Mtu akiitia Super kwenye bastola ya Colt ya 1900 au 1902 inaingia vizuri kabisa, na bastola inakufa, pengine na yeye. Ndo maana miaka ya 1970 wakaanza kuandika +P kwenye kitako cha Super, siyo kusifia, ni kuonya. Ganda refu lina chumba cha kutosha, kwa hiyo inaikaribia Meja bila kuteswa kama 9mm, na miaka ya 1980 wapigaji wa Marekani wakaivamia. Meksiko nako ilipendwa, ila sheria ya kule inaihesabu Super kuwa risasi ya jeshi, kama Waitalia walivyonyimwa 9mm ya jeshi miaka mingi wakajipatia 9x21, ganda limerefushwa milimita mbili basi sheria imeridhika. Watu wana akili.

Kuna na 9x23 ya Winchester ya 1996, hiyo kikomo chake ni 55,000, hiyo ni presha ya bunduki ndefu kwenye bastola! Ganda lake chini ni nene makusudi. Ilikuwa risasi nzuri sana, ila waliotengeneza bastola zake walikuwa wachache na ikabaki ya wachache.

Salaam alaikum Fundi. Naendesha lori Montana, na nikipata likizo napanda milimani kuvua samaki. Huku kuna dubu. Wenzangu wananiambia 9mm ni dharau, nichukue 10mm. — Dereva, Montana

Waalaikum salaam ndugu yangu. Wenzako wako sawa, na ni mara chache nasema hivyo.

10mm ilizaliwa 1983, Jeff Cooper, mwalimu wa shabaha wa Marekani, ndo aliyekuwa nyuma yake, bastola ikaitwa Bren Ten na risasi ikatengenezwa na Norma wa Sweden. Ile ya kwanza ilikuwa kichwa cha gramu 13 kwa spidi ya mita 366, kikomo cha presha 37,500, na kwa upana wa kichwa chake msukumo ni tani mbili na kidogo. Kampuni ya Bren Ten ilikufa 1986, wateja wengine walikuwa wamepelekewa bastola bila magazini, hebu fikiria. Mwaka uliofuata Colt wakaipokea kwenye Delta Elite, na fremu zikawa zinafanya ufa pale juu ya shimo la pini ya slaidi mpaka Colt wakaona bora kile kipande cha chuma wakiondoe kabisa. Hiyo ndo inaitwa gharama ya presha kwenye bastola iliyobuniwa kwa risasi ya 21,000.

Halafu FBI, wapelelezi wa serikali kuu ya Marekani. Tarehe 11 Aprili 1986 huko Miami maajenti wao wanane walipambana na majambazi wawili, wawili wa FBI wakafa. Risasi moja ya 9mm ilimpata jambazi mmoja mapema lakini ilisimama kabla ya kufika moyoni, akaendelea kupiga. Kutoka hapo wakaweka kipimo, risasi lazima izame kama sentimita 30 mpaka 46 kwenye jelatini, ile rojo ngumu inayoiga nyama ya mwili, na wakaichukua 10mm. Lakini ya nguvu zote iliwashinda maajenti wengi, ikabidi wapunguze mpaka kichwa cha gramu 11.7 kwa mita 290. Smith & Wesson na Winchester wakaangalia wakasema kama unatumia nusu ya ganda kwa nini ulibebe lote, wakalikata fupi, Januari 1990 ikatoka .40. Polisi wengi wa Marekani wakahamia huko. Na 2014 kitengo cha mafunzo cha FBI chenyewe kikaandika kwamba vichwa vya kisasa vya 9mm vinapita mtihani ule ule, askari anapiga kwa usahihi zaidi na kupakia nyingi zaidi, wakarudi walikotoka. Miaka karibu thelathini wamezunguka mbuyu.

Kwa binadamu basi mjadala umeishia hapo. Kwa dubu, hapana. Dubu ana mafuta, misuli na mfupa, unataka kichwa kizito kigumu kisichofunguka, kizame. Doria ya Sirius ya Denmark kule Greenland wanabeba Glock 20 ya 10mm kwa sababu ya dubu weupe, na wale siyo watu wa mbwembwe. Ila nunua ya nguvu kamili, manake kwenye maduka kuna 10mm nyingi ni .40 iliyovaa koti refu, angalia spidi iliyoandikwa kwenye boksi. Jizoeze nayo kabla ya mlima, inasukuma. Na kwanza kabisa beba dawa ya kupulizia dubu kiunoni, hiyo hata mkono ukitetemeka inafanya kazi.

Habari yako Fundi. Mimi mama wa biashara, nina kabastola kadogo ka 9mm, mtutu inchi tatu. Mume wangu amesoma mahali anataka tukauze tuchukue .357 SIG, eti ndo walinzi wa rais wa Marekani wanabeba. Mimi hata haka kenyewe kananichosha mkono. — Mama Biashara, Nairobi

Dada yangu, msalimie sana shemeji halafu mwambie hapana.

.357 SIG ni risasi ya 1994, SIG na Federal waliifanya, ganda pana kama la .40 limebanwa shingo kama chupa likashika kichwa cha 9mm. Presha 40,000. Nia ilikuwa kuiga ile .357 Magnum ya rivolva, kichwa cha gramu 8 kwa mita 411, na waliipata. Shingo ya chupa inaingia chemba kwa ulaini kuliko risasi yoyote ninayoijua, hilo nalisifu. Walinzi wa rais kweli walikuwa nayo, na polisi wa Texas na wa Virginia. Walikuwa! Wengi wao wameshahamia 9mm, na risasi zake sasa hivi hata huko Marekani ni ghali na kuzipata ni kazi, sembuse sisi.

Kwenye mtutu wa inchi tatu ndo ungeumia, nusu ya faida inawaka nje ya mdomo, unapata mwanga na mshindo. Na kuhusu mshindo, 9mm ya kawaida inafika kama desibeli 160, wakati sikio linaanza kuharibika kwa mlio wa ghafla kuanzia 140. Ukiipiga moja tu ndani ya gari au dukani bila kuziba masikio, mlio wa kengele unaweza kubaki nao maisha. Sikio langu la kushoto ni shahidi, na lile lilikuwa la 9mm tu.

Mkono unachoka kwa sababu bastola ni nyepesi, siyo kwa sababu wewe ni dhaifu. Kama mtabadilisha, badilisheni kwenda 9mm ile ile kubwa kidogo, mtutu wa inchi nne, utaipenda. Kuna nyingine mpya ya 2022 inaitwa .30 Super Carry, nyembamba zaidi, presha 50,000, wazo lake ni upate risasi mbili zaidi kwenye bastola ndogo kama yako. Wazo zuri kwenye karatasi. Ila ukienda dukani ukaikosa risasi umebeba nyundo.

Shikamoo. Babu yangu alikuwa jeshini, alikuwa akisifia Tokareva kuliko bastola yoyote, anasema ilikuwa inapita ukuta. Ni kweli au ni hadithi za babu? Na wewe Fundi, unabeba +P? — Mjukuu, Tabora

Marahaba mjukuu. Ukuta wa udongo pengine, ukuta wa tofali babu aliongeza chumvi. Lakini spidi alikuwa hasemi uongo, Tokareva ni 7.62 kwa 25, ya 1930, kichwa chepesi cha gramu 5 na nusu kinatoka na zaidi ya mita 400, ganda lina shingo ya chupa miaka sitini kabla ya hiyo SIG ya shemeji. Warusi hawakuibuni kutoka hewani, waliichukua ya Mauser ya Wajerumani ya 1896 wakaiongezea nguvu, na ni yale yale ya Colt, inaingia kwenye Mauser ya kale lakini haifai kupigwa humo. Kichwa hakifunguki, kinapita na kuendelea na safari, kwa hiyo aliyesimama nyuma ya adui naye ajihadhari.

Mimi sibebi kitu. Siku nilipostaafu nilirudisha kila kitu ghalani nikasaini kitabu, na presha pekee ninayoifuatilia siku hizi ni ya zahanati, wiki iliyopita ilikuwa 150 kwa 95 na daktari kanikataza chumvi.